Tangi lijae, karbureta ikauke: jinsi ya kuandaa mafuta ya pikipiki inayolazwa msimu wa baridi

Kila vuli inapoingia, wenye pikipiki wa nchi za baridi huanza upya ugomvi ule ule. Mmoja anasema jaza tangi mpaka shingoni kabla hujailaza pikipiki. Mwenzake anasema mwaga yote, usibakize hata tone. Kila mmoja ana ushahidi wake: wa kwanza aliwahi kuacha tangi nusu akakuta kutu imelitafuna kwa ndani, wa pili aliacha mafuta yakae miezi mitano, akakuta karbureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imeziba na injini haishiki. Hakuna anayedanganya. Shida ni kwamba mmoja anazungumzia tangi na mwingine anazungumzia karbureta, na petroli haiharibiki kwa namna moja katika vyombo hivyo viwili.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: tangi la chuma lijazwe, karbureta ikaushwe, na mafuta yatiwe dawa yakiwa bado mapya. Yanayofuata ni sababu zake pamoja na vighairi, maana vighairi ndivyo vinavyowaponza watu.

Petroli inavyozeeka

Tumezoea kuiona petroli kama kitu kimoja, mfano wa maji. Kumbe ni mchanganyiko wa mamia ya kampaundi za kaboni na haidrojeni, kila moja na tabia yake. Zipo nyepesi sana kama butani, ambayo peke yake huchemka kwenye nyuzi sifuri hivi za Selsiasi na inakaa ndani ya petroli kwa sababu tu imeyeyukia humo. Zipo nzito zinazohitaji nyuzi 200 ndipo zichemke. Injini baridi hutegemea hizo nyepesi. Cheche ya plagi haiwashi petroli ya majimaji, huwasha mvuke wake uliochanganyika na hewa, na chuma kikiwa baridi ni hizo nyepesi tu zinazotoa mvuke wa kutosha. Basi ndizo pia zinazotangulia kutoroka. Tangi lina njia ya kupumulia, bakuli la karbureta, kile kikombe chake cha chini kinachohifadhi mafuta, lina yake, na kwa njia hizo nyepesi huondoka siku baada ya siku. Kinachobaki kinafanana na petroli, kinanuka petroli, hata ukikitupia kiberiti kitawaka. Lakini asubuhi ya kwanza ya msimu mpya injini itazunguka na kuzunguka bila kushika.

Uharibifu wa pili huletwa na oksijeni. Petroli ya pampu huwa na kiasi fulani cha olefini, molekuli zenye kiungo maradufu, ambazo nyingi hutokana na ile hatua ya kiwandani ya kuvunja mafuta mazito ili kupata mepesi. Oksijeni hushika hasa kwenye viungo hivyo. Huzaliwa peroksidi, peroksidi hudaka molekuli nyingine, mnyororo unarefuka, na mwisho wake ni gundi ya rangi ya asali ambayo ikikauka huwa kama vanishi juu ya meza. Viwanda huweka ndani ya petroli viambato vya kuzuia jambo hilo, lakini viambato hivyo hutumika vikifanya kazi yake, na siku moja huisha. Joto huharakisha mambo, na shaba pia. Kwa hiyo, na hili huwashangaza wengi, baridi yenyewe si adui. Petroli iliyolala miezi mitano kwenye banda la baridi huzeeka polepole kuliko iliyolala miezi mitano ya kiangazi. Kinachoiumiza pikipiki ya msimu wa baridi ni kule kukaa tu.

La tatu ni maji, na hapa ethanoli, aina ya alkoholi, inaingia. Nchi nyingi sasa huuza petroli iliyochanganywa ethanoli: Ufaransa ilianza kuuza ile ya asilimia 10, maarufu kama E10, mwaka 2009, Ujerumani mwaka 2011, na Uingereza iliifanya kuwa petroli ya kawaida mwaka 2021, huku ile ya E5 ikibaki kwenye pampu za daraja la juu. Ethanoli hupenda maji. Katika joto la kawaida, lita moja ya E10 inaweza kubeba takriban mililita 5 za maji yakiwa yameyeyuka ndani yake, usiyaone kabisa. Mafuta yakipoa, uwezo huo hupungua. Maji yakizidi kiwango, ethanoli huiacha petroli na kuyafuata maji, na vyote viwili huzama chini ya tangi vikiwa tabaka moja la ethanoli na maji. Juu inabaki petroli iliyopungukiwa okteni (kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kujilipukia), kwa sababu ethanoli ndiyo iliyokuwa ikiichangia pointi kadhaa. Chini, palepale koki (bomba la kufungulia na kufungia mafuta) au pampu inapovutia, kuna kimiminika kisichowaka vizuri na kinachokula alumini na chuma. Hali hiyo ikishatokea hakuna dawa ya kuirudisha. Ni kumwaga tu.

Unyevu wa hewa: hapa watu hutia chumvi

Utasikia kwamba tangi lililoachwa nusu "hujaa maji" kwa sababu ya unyevu unaogeuka matone ndani yake usiku. Tufanye hesabu. Hewa iliyoshiba mvuke kwenye nyuzi 20 hubeba gramu 17 hivi za maji katika mita moja ya ujazo. Tangi tupu la lita 15 likijaa hewa hiyo, na maji yake yote yakadondoka, utapata robo gramu: matone machache. Tena tangi halibadilishi hewa yake yote kila siku. Joto likipanda na kushuka kwa nyuzi 10, tangi hupumua asilimia tatu au nne tu ya hewa iliyomo. Ukilinganisha na mililita 75 ambazo lita 15 za E10 zinaweza kubeba bila shida, utaona kwamba hewa peke yake ingehitaji miaka kuliharibu tangi zima namna hiyo.

Ukikuta maji ya kijiko kizima ndani ya tangi, basi usiilaumu hewa. Tazama kifuniko. Matangi mengi yana kitundu kidogo pembeni mwa mdomo chenye bomba la kutolea maji ya mvua. Kikiziba kwa uchafu, maji hutuama kuzunguka kifuniko na kupenya kwenye mpira uliochoka. Ama uliiosha kwa mashine ya maji ya msukumo, ukaielekeza hapo hapo. Niliwahi kumwaga tangi ambalo mwenyewe aliapa halijawahi kunyeshewa, na chini yake tulikuta maji ya kujaza nusu kikombe cha kahawa. Kitundu cha pembeni kilikuwa kimezibwa na nta ya kung'arishia rangi.

Lakini hesabu hiyo isikufanye uliache tangi tupu. Kutu haihitaji kijiko cha maji, inahitaji utando mwembamba tu juu ya chuma kilicho wazi, na robo gramu inatosha kabisa kuupaka. Chuma kilichozama ndani ya petroli hakipati hewa. Kilicho juu ya petroli kinapata. Ndiyo maana matangi mengi yaliyolazwa nusu huwa na kutu kwa juu, karibu na shingo, pale jicho lisipofika bila tochi. Hii ndiyo hoja ya msingi ya kujaza tangi la chuma, na inatosha. Pamoja na hiyo, tangi lililojaa lina hewa kidogo, kwa hiyo oksijeni ni kidogo na nyepesi hazina nafasi ya kutorokea.

Usijaze hadi ukingoni, hata hivyo. Petroli hutanuka kama asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 15 zilizonunuliwa kwenye nyuzi 5, zikaja kupata jua la nyuzi 25, zinaongezeka kwa karibu theluthi moja ya lita, na zitatafuta pa kwenda. Simamia chini ya shingo ya mdomo.

Bakuli dogo, balaa kubwa

Sasa tuje kwenye karbureta, ambako ndiko mafundi wanapopatia kazi zao za mwanzo wa msimu. Tangi lina lita 15. Bakuli la karbureta lina mililita chache tu, makumi hivi, na juu yake kuna hewa inayoingia na kutoka. Yale yale yanayolipata tangi kwa miezi mingi hulipata bakuli kwa wiki chache. Nyepesi zinaisha, kiwango kinashuka, gundi iliyokuwa imesambaa ndani ya kimiminika inabaki yote chini. Na chini huko ndiko ziliko jeti, vile vitundu vyembamba vinavyopimia injini mafuta. Jeti ya slo, ile inayoilisha injini ikiwa imetulia, huwa na tundu la nusu milimita au pungufu. Utando wa vanishi usioweza hata kuhisiwa kwa kidole unatosha kuliziba. Pikipiki itawaka kwa choki (kitu cha kuongezea mafuta injini ikiwa baridi), na ukiiondoa choki itazima. Au itakwenda vizuri ukikaza mwendo na kufa kila unaposimama. Dalili hizo mbili, baada ya kulala muda mrefu, karibu kila mara maana yake ni jeti ya slo.

Kwa hiyo bakuli likaushwe. Njia inayopendwa ni kufunga koki na kuiacha injini iungurume mpaka ijizimie. Ni bora kuliko kutofanya lolote, ila haimalizi kazi: injini huzima mafuta yanaposhuka chini ya midomo ya jeti, na chini ya hapo kunabaki dimbwi dogo, ambalo ndilo litakalogeuka gundi. Chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia, kwa kawaida ikiwa na kichuchu cha kuchomekea mpira. Chomeka mpira, mwisho wake utie kwenye chupa ya kioo, legeza skrubu nusu mzunguko na uache itiririke. Pikipiki ya silinda nne yenye karbureta nne ina skrubu nne, na usiridhike na zile mbili zinazofikika. Tumia bisibisi inayokaa sawasawa. Alumini ya bakuli ni laini, na skrubu iliyoliwa kichwa hapo inaudhi kuliko jeti iliyoziba.

Wapo wanaopinga kukausha, wakisema mpira na gasketi zikikosa mafuta husinyaa na kuvuja. Wana hoja, hasa kwenye mashine kuukuu. Kwangu mimi mizani inaegemea kukausha: mpira uliosinyaa hujionyesha kwa tone chini ya bakuli na hubadilishwa, ilhali vanishi iliyojificha ndani ya njia za slo hukulazimu kuifungua karbureta nzima. Kama pikipiki inalala mwezi mmoja au wiki sita tu, acha bakuli lijae mafuta yenye dawa na usijisumbue. Pikipiki za tu-stroki zinazochanganya oili kwenye petroli usizivumilie hata huo mwezi, kwa sababu petroli huruka na oili hubaki, ikageuka uji mzito juu ya jeti.

Koki nayo ina siri yake. Ile ya kawaida funga, basi. Zipo zinazofunguliwa na mvuto wa injini, ambazo hazina sehemu ya kufunga. Zenyewe hujifunga injini ikizima, isipokuwa ukiwa umeiacha kwenye alama ya PRI, ambapo mafuta hutiririka muda wote. Tangi limejaa, koki iko wazi, na sindano ya boya, ile inayofunga mafuta bakuli likijaa, ina punje moja ya uchafu: mafuta yatapita usiku kucha, yaingie kwenye silinda, kisha kwenye oili. Ukifungua kifuniko cha oili mwanzoni mwa msimu ukasikia harufu ya petroli, usiwashe. Mwaga oili kwanza.

Dawa, na lini itiwe

Chupa zinazouzwa kwa ajili ya kutunza mafuta huwa na mambo matatu hivi: vizuizi vya oksijeni vya kuongezea vile vya kiwandani, kiambato cha kuifunga shaba isichochee gundi, na kinga ya kutu. Hazirudishi nyepesi zilizoruka, haziyeyushi vanishi iliyokwisha kukauka, wala haziunganishi petroli na ethanoli zilizoachana. Kwa maneno mengine hukinga, hazifufui. Kutia dawa kwenye petroli iliyokaa miezi minne ni kupoteza dawa.

Utaratibu unaofaa ni kuifanya iwe sehemu ya safari ya mwisho. Fika kituoni tangi likiwa limekaribia kuisha, tia dawa kwanza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ndipo ujaze, ili mafuta yanayoingia yaikoroge. Kisha endesha dakika kumi au kumi na tano kurudi. Safari hiyo ndiyo inayoifikisha dawa kwenye mipira, pampu, karbureta, au injekta (vipulizio vya mafuta kwa pikipiki zisizo na karbureta). Ukiitia ukiwa umeshaegesha, itabaki tangini na mafuta yaliyo kwenye mabomba yatazeeka bila kinga. Kuzidisha kipimo hakuongezi miezi.

Ukiweza kuchagua, nunua petroli yenye ethanoli kidogo au isiyo nayo. Hapa ndipo daraja la juu linapoweza kuwa na maana, na sababu si okteni yake. Okteni kubwa haiifanyi petroli ikae zaidi. Ni kwamba katika baadhi ya nchi daraja hilo ndilo lenye ethanoli pungufu. Iko pia petroli ya alkaileti, inayouzwa kwenye makopo kwa ajili ya misumeno na mashine za bustani. Haina ethanoli, olefini zake ni karibu na sifuri, na hukaa miaka bila gundi. Bei yake haikuruhusu kulijaza tangi zima, lakini lita moja inayopitishwa kwenye karbureta mwisho wa msimu ni wazo zuri kwa mashine ya thamani.

Injekta, plastiki, na tangi linalolazimika kuwa tupu

Pikipiki ya injekta haina bakuli, na mfumo wake umefungwa na uko chini ya mgandamizo. Basi nusu ya makala haya haiihusu: jaza, tia dawa, endesha, laza. Jambo moja tu: usijaribu kuimaliza mafuta kwa kuiendesha mpaka ikauke. Pampu iko ndani ya tangi, hupozwa na kulainishwa na petroli yenyewe, na kuizungusha kavu ni kuila.

Tangi la plastiki halipati kutu, kwa hiyo sababu kuu ya kulijaza haipo. Badala yake, baadhi ya plastiki hunywa ethanoli na kuvimba, mpaka matundu ya boliti hayaendani tena na fremu. Fuata kitabu cha pikipiki yako, na kama unalijaza, lijaze petroli isiyo na ethanoli.

Ikiwa jengo haliruhusu mafuta yalazwe ndani, au pikipiki italala zaidi ya mwaka, tangi litakuwa tupu. Tupu hapo maana yake limemwagwa, limeachwa wazi likakauka kabisa mahali penye hewa, kisha limetiwa oili kidogo na kugeuzwageuzwa mpaka kila pembe ikapata utando. Lile linaloitwa tupu kwa sababu geji imefika chini lina ubaya wa pande zote mbili, tena ni la hatari kuliko lililojaa, kwani limesheheni mvuke na hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi ukutane na mwali wa boila au cheche ya swichi, na petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi ya banda haikulindi. Mwagia nje, kwenye chombo kilichotengenezwa kwa petroli.

Halafu kuna ile tabia ya kuiwasha kila Jumamosi dakika tano "isisahau". Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Injini iliyopata moto huyatoa yote nje. Iliyowashwa dakika tano huyaacha kwenye ekzosi na ndani ya oili, ikala na betri juu yake. Ukiilaza, ilale.

Siku ya kuamsha

Kabla ya lolote, nusa mdomo wa tangi. Petroli nzima hukupiga puani. Iliyochacha ina harufu ya rangi ya mafuta iliyosahaulika kwenye kopo. Ukiwa na shaka, chota kidogo kutoka chini kupitia koki, tia kwenye chupa ya kioo na uiache itulie dakika chache. Yenye rangi ya chai, au yenye mstari unaotenganisha tabaka mbili, haifai kuchanganywa na mpya kwa matumaini. Peleka kwenye kituo kinachopokea taka za mafuta. Iliyopungua nguvu tu, bila maji wala rangi, inaweza kumaliziwa kidogo kidogo ndani ya tangi lililojaa mafuta mapya.

Karbureta uliyoikausha haina kitu, kwa hiyo usianze kwa kubonyeza stata. Hakikisha skrubu ya bakuli imekazwa, fungua koki, subiri nusu dakika bakuli lijae, na utazame chini. Ikidondosha kutoka kwenye bomba la kufurikia, funga koki na ugonge ubavu wa bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi, kisha fungua tena. Mara nyingi ni sindano ya boya iliyonata kwa kulala, na mtikisiko huo unatosha kuiachisha.